Gosport 1935: Mashua Iliyojishikia Usukani

Mwaka 1935 Mnorwei mmoja, Sam Berge, alifika Gosport, mji wa bandari unaotazamana na Portsmouth kusini mwa Uingereza, kushiriki mashindano ya kimataifa ya mashua za mfano. Chombo chake kiliitwa Prince Charming. Kilikuwa cha daraja A, yaani chombo cha karibu mita 2 kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), chenye mlingoti mrefu kuliko mtu na madini mengi ya risasi kwenye mkuku, sehemu ya chini kabisa ya chombo, kizito kiasi kwamba kukibeba hadi majini peke yako ni kazi hasa. Vyombo vya namna hiyo Gosport vilikuwapo tele. Kilichokuwa kipya kilikuwa tezini: bawa jembamba lililosimama wima juu ya sitaha, likigeuka kwa uhuru na upepo, na kuunganishwa na usukani.

Hapakuwa na redio ya kuongozea chombo kwa mbali wakati huo. Hapakuwa na uzi wa kuvutia. Mashua ya mfano ikishaachiwa pale mstarini ilikuwa peke yake, na mwenyewe alibaki kukimbia ukingoni akiifuata kwa macho. Aliyewahi kushika usukani wa mashua ya tanga pwani yetu anajua maana ya jambo hilo. Mkono juu ya kana, mti wa kugeuzia usukani, haupumziki. Upepo ukiongezeka chombo kinataka kupanda joshini, upande upepo unakotoka, unakirudisha. Ukipungua kinalegea, unakifuata. Sasa kazi hiyo yote ifanyike bila mtu, kwa mbao, shaba na kipande cha mpira, ziwani, huku mpinzani yuko ubavuni.

Kisa hiki nimekichagua kwa sababu moja. Bawa la Berge mara nyingi husimuliwa kama akili ya mtu mmoja iliyotokea ghafla. Mimi naona lilizaliwa na namna klabu zilivyopanga mashindano yao: ziwa gani, mashua ngapi kwa mara moja, pointi ngapi kwa mwendo upi. Ukizielewa hesabu hizo, utaelewa kwa nini kifaa hicho kilitoka kwa watu wa mashua za mfano, na si kwa mabaharia wa vyombo vikubwa ambao ndio waliokihitaji zaidi.

Mabwawa na klabu

Mchezo wenyewe ulikuwa na umri mkubwa tayari. Kufikia miaka ya 1850 watu wazima, si watoto, walikuwa wakishindanisha mashua za mfano kwenye Serpentine, ziwa la Hyde Park, London. Mwaka 1876 ikaundwa Model Yacht Sailing Association, na maji yake yakawa Round Pond, bwawa la bustani za Kensington lililochimbwa karne ya 18. Upande wa pili wa Atlantiki, San Francisco Model Yacht Club ilianzishwa 1898, na mwaka 1904 wakapata ziwa lililotengenezwa kwa ajili ya vyombo hivyo, Spreckels Lake, ndani ya Golden Gate Park. Hali ni ileile kila mahali: maji tulivu, kingo unazoweza kukimbilia bila kizuizi, na upepo usiokatwa na miti. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu kupatikana mjini.

Waundaji wa mwanzo walijifunza kwa uchungu kwamba huwezi kuchukua mchoro wa mashua kubwa ukaupunguza ukapata mashua ndogo inayosafiri. Hesabu yake ni hii. Punguza vipimo vyote mara 10. Eneo la tanga linapungua mara 100, na kimo cha tanga mara 10, kwa hiyo nguvu ya upepo ya kukilaza chombo inapungua mara 1,000. Lakini uzito wa chombo nao umepungua mara 1,000, na umbali ambao uzito huo unafanyia kazi umepungua mara 10, basi uwezo wa chombo kujiinua umepungua mara 10,000. Upepo wa bwawani, kwa bahati mbaya, haukupunguzwa. Mashua iliyonakiliwa kwa uaminifu wote inalala kifudifudi kwa upepo ambao mashua kubwa ingeuona wa kawaida tu. Ndiyo maana mashua za mfano za mashindano zikawa na umbo lao zenyewe: mkuku wa kina, na farumi yote (uzito wa kuituliza mashua) ikiwa risasi iliyofungwa chini kabisa.

Uundaji wake unastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu makosa ya karakana ndiyo yaliyogeuka kuwa makosa ya usukani ziwani. Njia iliyotumika sana ilikuwa ya mbao za tabaka. Fundi anachukua mbao za msonobari laini zisizo na vifundo, kila ubao anauchora umbo la chombo kwa usawa wake wa maji, kisha anaukata kwa nje, na kwa ndani anatoa tundu kubwa ili abaki na kitu kama pete ndefu. Pete zinapangwa moja juu ya nyingine, zinagandishwa kwa gundi na kubanwa. Zikikauka unapata kitu chenye ngazi-ngazi kama tuta la shamba la mlimani. Hapo randa inaanza kazi. Ngazi zinaondolewa polepole hadi mstari wa gundi uonekane sawasawa pande zote mbili, na mistari hiyo ndiyo kipimo: ikikunjika kulia na isikunjike vilevile kushoto, chombo kina ubavu mmoja mnene kuliko mwingine. Fundi anakata vigezo vya karatasi ngumu kutoka kwenye mchoro, anaviweka ubavuni kimoja kimoja, anatafuta mwanga unapopenya. Ndani anachonga kwa patasi ya mviringo hadi ukuta ubaki milimita chache tu.

Halafu risasi. Kwanza unachonga mkuku wa mbao wenye umbo lile unalolitaka, unaupima ujazo wake. Kila sentimita moja ya ujazo itakuwa gramu 11.3 za risasi. Unauzika kwenye mchanga kutengeneza kalibu, unautoa, unayeyusha risasi (inahitaji nyuzi 327 za Selsiasi), unaimimina kwa mkupuo mmoja. Kalibu ikiwa na unyevu, maji yanageuka mvuke mara moja na risasi inaruka usoni. Mkupuo ukikatika katikati, mkuku una ufa. Na uzito ukikosewa, chombo kinakaa majini juu au chini ya alama, na hapo si suala la uzuri tena bali la sheria.

Kwa sababu daraja A lilikuwa daraja la fomula. Aliyelitunga mwanzoni mwa miaka ya 1920 ni Malden Heckstall-Smith, mhariri wa gazeti la Yachting Monthly, na kuanzia 1923 kombe la gazeti hilo likawa tuzo kubwa ya daraja. Fomula inapima urefu wa chombo majini, eneo la matanga na uzito wa maji kinachoyasukuma, na jibu lisizidi inchi 39.37, yaani mita 1. Ukitaka urefu zaidi, punguza tanga. Ukitaka tanga kubwa, toa urefu au ongeza uzito. Mbunifu yuko huru kuchagua, lakini kila zawadi ina gharama yake. Naipenda fomula hii, kwa sababu inamlazimisha mtu aseme mwenyewe, kwa chombo chake, anaamini upepo wa namna gani utavuma siku ya mashindano.

Pointi 3 na pointi 2

Mtu asiye na nahodha ndani ya chombo hawezi kupewa kundi la vyombo 20 vikaanza pamoja. Vingegongana mstarini. Klabu zikaamua vyombo vikimbie viwiliviwili, na kila kimoja kikutane na kila kingine. Kila jozi inakwenda mara mbili: mara moja kwa bisho, kupanda dhidi ya upepo kutoka upande mmoja wa ziwa hadi mwingine, na mara moja kurudi na upepo wa tezi. Anayeshinda bisho anapata pointi 3. Anayeshinda kurudi anapata pointi 2.

Tufanye hesabu kwa vyombo 12. Kuna jozi 66, kwa hiyo miendo 132, na vikigongana njiani mwendo unarudiwa. Ndiyo maana mashindano makubwa yalichukua siku kadhaa, na ndiyo maana mwenye chombo alihitaji miguu. Yeye yuko ukingo mmoja, msaidizi wake ukingo wa pili, kila mmoja na fimbo ndefu yenye mpira nchani. Mashua inakuja ukingoni kwa kasi. Unaikinga kwa fimbo, unaigeuza omo, inaondoka kwa ubavu mwingine. Ukiishika na kuisimamisha ili urekebishe tanga, mpinzani haendi kukusubiri. Pale mstarini hairuhusiwi kuisukuma, unaiachia tu.

Sasa tazama pointi zilipo. Chombo kimoja kati ya 12 kinakutana na wapinzani 11, na juu kabisa kinaweza kupata pointi 55. Kati ya hizo 33 ziko kwenye bisho, 22 kwenye kurudi. Bisho limepewa uzito kwa haki, maana ndipo umbo la chombo linapojaribiwa kweli. Hata hivyo zile 22 hazikuwa za kudharau, na kwa muda mrefu ndizo zilizowatesa watu. Upepo ukiwa tezini, mashua ya tanga haina utulivu. Tanga liko upande mmoja, linasukuma omo ligeuke, na chombo kisicho na mtu kinazunguka kuelekea upepo hadi kinasimama kikitikisa matanga katikati ya bwawa. Kwa bisho, chombo kilichosawazishwa vizuri kinaweza kwenda chenyewe, usukani ukiwa umenyooka, kwa sababu kikipanda mno kuelekea upepo tanga kubwa linapoteza nguvu kwanza, na tanga la mbele linakirudisha kinakotakiwa. Kwa upepo wa tezi hakuna msaada wa namna hiyo.

Kwa hiyo katika miaka yote hiyo palikuwa na matatizo mawili yenye tabia tofauti, na kila kifaa cha usukani kilichobuniwa kilitatua moja zaidi ya jingine.

Kuinama, nguvu, mwelekeo

Kifaa cha kwanza kilichoenea ni usukani wenye uzito. Ulining'inizwa tezini kwa bawaba zilizoegemea, na ncha yake ilibeba risasi. Chombo kikilala upande mmoja, risasi inaangukia upande huohuo wa chini na kuuvuta usukani, na omo linarudishwa mbali na upepo. Mtu mwenye mashua alikuja bwawani na usukani kadhaa, mmoja mwepesi, mwingine mzito kidogo, mwingine mzito zaidi, anaangalia maji, anachagua. Ni ubunifu wa maana. Ila ufikirie unachosoma: kifaa hiki kinasoma namna chombo kilivyoinama. Chombo kinachokwenda na upepo wa tezi hakiinami sana hata kikiwa kinapotea njia, na kile kinachoinama kwa sababu ya upepo wa ghafla kinaweza kuwa bado kiko njiani. Kuinama ni dalili ya mbali.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Mwingereza George Braine akaleta kifaa kilichobeba jina lake. Juu ya usukani, sitahani, pana kipande cha shaba chenye umbo la robo duara na matundu ya pini. Kamba ya demani, ile inayoshikilia tanga, badala ya kufungwa mahali pamoja, inapita kwenye kapi ndogo na kuvuta robo duara hiyo, na kamba za pande mbili zinapishana ili tanga la kulia liuvute usukani upande unaofaa, na la kushoto vivyo hivyo. Nyuma yake pana mpira unaourudisha usukani katikati. Upepo ukiongezeka, tanga linavuta kwa nguvu, usukani unakwenda zaidi. Upepo ukipungua, mpira unashinda. Ukitaka usukani uvutwe zaidi, sogeza ndoana kwenye tundu la mbali. Ukitaka upunguke, kaza mpira.

Watu walikuwa hodari sana kwa kifaa hiki. Mwenye chombo aliyekijua vizuri aliweka daftari: upepo wa namna hii, tundu la tatu, mpira alama ya pili. Kwa upepo wa tezi Braine alibadilisha mchezo kabisa, na zile pointi 22 zikawa jambo la ujuzi badala ya bahati. Lakini kwa bisho, demani kwa kawaida iliondolewa kwenye usukani na kufungwa pake peke yake. Kifaa kilinyamaza. Chombo kilirudi kutegemea usawa wa mwili wake, na hapo ndipo pointi 33 zilipokuwa.

Kwa sababu hiyo wabunifu wa miaka ya 1920 na 1930 walihangaika mno na usawa. Chombo kinapolala, ubavu ulio chini unazama na kubadili umbo la kile kilicho majini. Kama nyuma ni nene kuliko mbele, omo linasukumwa joshini. Mhandisi Admeri Alfred Turner aliandika nadharia nzima ya kupima hali hiyo kwenye mchoro kabla ubao haujakatwa, na aliijaribu kwa mashua za mfano. Daktari wa macho wa Birmingham, Harrison Butler, aliyekuwa akibuni mashua za kusafiria kwa mapenzi tu, akaichukua nadharia hiyo na kuitumia kwenye vyombo vya watu. Wapo mabaharia hadi leo wanaosifia vyombo vya Butler kwa kwenda vyenyewe. Mzizi wa sifa hiyo unafika bwawani.

Halafu Berge akaja na bawa.

Bawa halijali chombo kimelala kiasi gani. Halijali tanga linavuta kwa nguvu gani. Linasoma kitu kimoja: upepo unatoka wapi. Unaliweka kwa pembe unayoitaka kati ya omo na upepo, unalifunga na mkono wa usukani, unaachia. Chombo kikiwa njiani, bawa limelala na upepo na usukani umenyooka. Chombo kikipotea, kulia au kushoto, bawa linabaki na upepo huku sitaha ikizunguka chini yake; tofauti hiyo ya pembe ndiyo inayouvuta usukani, na chombo kinarudi. Kikisharudi, pembe inakuwa sifuri tena na usukani unanyooka wenyewe. Hakuna cha kukisia kuhusu nguvu ya upepo, kwa hiyo kile chombo kilichorekebishwa saa tatu asubuhi hakipotei kwa sababu saa tano upepo umeongezeka.

Na lilifanya kazi kwa miendo yote miwili. Hapo ndipo ninapoona kiini cha kisa hiki. Vifaa vya kabla yake vilisoma matokeo ya upepo juu ya chombo. Bawa lilisoma upepo wenyewe. Pointi 55 zote zilikuja chini ya kifaa kimoja.

Lilikuwa na udhaifu wake. Kwa upepo wa tezi chombo kinakimbia pamoja na upepo, kwa hiyo upepo unaolifikia bawa ni ule uliobaki baada ya kutoa mwendo wa chombo, na siku ya upepo mwororo unabaki kidogo mno. Nguvu ya kipande chembamba cha mbao nyepesi ni ndogo, na msuguano wowote unaila. Ikabidi ekseli ya bawa ikae juu ya ncha kali, upande wa pili uwe na uzito wa kulisawazisha ili chombo kikilala bawa lisidondoke kwa uzito wake, na usukani wenyewe uwe mwepesi kugeuka kiasi cha kusogezwa na pumzi. Matoleo ya mwanzo yalihitaji kuwekwa upya kwa mkono kila chombo kilipobadili ubavu. Bawa linalojihamisha lenyewe kutoka upande mmoja hadi mwingine wakati chombo kinapogeuzwa kwa fimbo lilikuja baadaye, na likamwondolea mwenye chombo kazi iliyomgharimu sekunde za thamani pale ukingoni.

Kwa nini halikushika siku ileile

Miaka 4 baada ya Gosport vita vilianza, na risasi, mbao na vijana vikahitajika kwingine. Hiyo ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni kwamba mtu aliyetumia miaka kumi kujifunza matundu na mipira ya Braine alikuwa na mali kichwani mwake, na bawa liliifanya mali hiyo isiwe na bei. Walikuwapo waliosema kwamba kifaa hiki kinaua sanaa: chombo kibaya kilichoundwa kizembe kitaburutwa na bawa hadi mwisho, na anayejua kusawazisha hatakuwa na faida. Siwachukulii kwa wepesi. Ni kweli kwamba baada ya vita, bawa lilipokuwa kawaida, wabunifu waliweza kutumia maumbo ambayo awali yasingekwenda bisho bila mtu. Sehemu ya zile nidhamu za vigezo vya karatasi na mistari ya gundi ilipoteza ulazima wake.

Hata hivyo nadhani walikosea kuhusu jambo moja. Bawa linaposahihisha kosa, linalisahihisha kwa kugeuza usukani, na usukani uliogeuzwa ni breki. Chombo kisicho sawa kinafika, lakini kinafika kikiwa kimevuta usukani njia nzima. Kati ya vyombo viwili vyenye bawa, kile kilichosawazishwa ndicho kinachoondoka. Ujuzi haukufa, ulihama kutoka kuwa sharti la kufika hadi kuwa sharti la kushinda. Mashindano ya vyombo vya bawa yaliendelea miongo mingi, Gosport na baadaye Fleetwood kule Lancashire, na hata redio ilipochukua sehemu kubwa ya mchezo katika miaka ya 1970, wapo waliobaki na vyombo vinavyokwenda peke yake. Bado wapo.

Kutoka Round Pond hadi Atlantiki

Mwaka 1960 watu watano walikubali kuvuka Atlantiki kutoka Plymouth hadi New York, kila mmoja peke yake chomboni, kwa mashindano. Mtu mmoja hawezi kushika usukani saa 24. Lazima alale, apike, ashone tanga lililochanika. Francis Chichester, mwenye umri wa miaka 58, alihitaji kitu cha kumshikia chombo, na alikwenda kuzitazama mashua za mfano Round Pond, bwawa lilelile la Kensington. Kifaa alichokiunda kilikuwa bawa kubwa la kitambaa juu ya mlingoti wake mdogo tezini. Alikiita Miranda. Alifika New York kwa siku 40 na kushika nafasi ya kwanza. Aliyefuata, Blondie Hasler, aliyekuwa chanzo cha wazo la mashindano yenyewe, naye alikuwa na usukani wa bawa kwenye chombo chake kidogo Jester, akafika kwa siku 48.

Robo karne ilikuwa imepita tangu Gosport. Kanuni ilikuwa ileile ya pembe kati ya omo na upepo, na tatizo lililoileta lilikuwa lilelile: chombo kisicho na mkono kwenye kana. Tofauti ni kwamba baharia wa chombo kikubwa siku zote alikuwa na njia ya mkato, yaani mtu mwingine wa kumpokea zamu. Mwenye mashua ya mfano hakuwa nayo hata siku moja. Kila Jumamosi aliadhibiwa kwa pointi kama usukani wake haujui kufikiri, na adhabu ya kila wiki inafundisha haraka kuliko ajali ya mara moja katika maisha.

Kuna tukio moja zaidi ambalo wale wazee wa Braine wangelifurahia. Mwaka 1968 Robin Knox-Johnston aliondoka Falmouth kuzunguka dunia peke yake bila kusimama, ndani ya Suhaili, chombo cha mtiki kilichoundwa Bombay. Alikuwa na usukani wa bawa. Alipofika maeneo ya Australia ulivunjika usitengenezeke tena, na nusu ya dunia ilikuwa bado mbele yake. Akaendelea kwa kupanga matanga na kufunga usukani mahali, akitafuta kwa mikono kile usawa ambao bisho la Gosport liliwahi kuudai kutoka kwa kila chombo. Alirudi Falmouth tarehe 22 Aprili 1969. Kati ya washindani 9 walioanza, ni yeye peke yake aliyemaliza.